Marahaba ya Nathanaeli

Jambo la kwanza lilikuwa joto. Marta alikuwa akifagia maranda chini ya kerezo la mumewe asubuhi, baridi ya Julai imekaza, ukungu umeziba bonde lote la chini ya Lukozi, mkono wake ukagusa kanyagio. Lilikuwa na vuguvugu, kama mtu ametoka kuliondolea mguu sasa hivi. Nathanaeli alikuwa bado amelala. Marta akapangusa mkono kwenye kanga, akaendelea kufagia, maana mwanamke mwenye kazi zake hana nafasi ya kushangaa kipande cha ubao.

Kerezo lenyewe lilikuwa la kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Unakanyaga, mti unazunguka, unausogezea patasi, nao unamenyeka mpaka utoke mguu wa kiti au wa kitanda. Nathanaeli alilirithi kwa baba yake, aliyejifunza kazi misheni. Hakupenda mbao mbichi. Alitafuta mbao ngumu za zamani, vizingiti, vitanda vya marehemu, mataruma ya reli, akisema mti uliokwisha kuzeeka haupindi tena. Fundi alikuwa fundi, hilo hatumnyimi. Ila alikuwa na kiburi cha kuwatosha watu wa kata nzima, na kilimpanda kichwani mwaka ule wa kuhamia vijijini, alipoingizwa kwenye kamati ya kuwahamisha watu.

Mzee Sheshe aliishi peke yake huko juu mlimani, kwenye nyumba ya nguzo nne za mkulo. Wanaojua mbao wanaujua mkulo: mti unaonukia karafuu maiti, ile ile wanayowatilia maiti wenzetu Waislamu. Nathanaeli alipoziona zile nguzo hakumwona tena mzee. Wengine walipewa muda wa kuvuna maharage yao. Sheshe alipewa asubuhi moja. Wala kamati haikuagiza nyumba ibomolewe. Aliyeagiza ni Nathanaeli.

Marta alikuwepo, alikwenda kusaidia kubeba vyombo vya mzee. Akaona kwa macho yake jambo ambalo milimani kule halijapata kuonekana. Mzee wa mvi, mkubwa hata kwa baba yake Nathanaeli, alipiga magoti kwenye tope, akaishika miguu ya Nathanaeli kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Shikamoo, mwanangu."

Watu wakatazama chini. Mzee akikupa shikamoo wewe kijana, ni kama amekuvulia nguo; unamwinua upesi, unaomba radhi, unamwamkia wewe. Nathanaeli akatabasamu. "Marahaba," akasema. "Haya, niachie miguu."

Sheshe akaiachia. Jambo moja lilimkera Marta siku nzima: yule mzee aliinuka mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na hakuzitazama nguzo zake tena.

Nguzo hizo zililetwa kwa Nathanaeli ziwe miguu ya kiti cha mwenyekiti, kiti kikubwa cha ofisi ya kijiji kipya, chenye miguu minne, kila mguu na pete tatu za kukereza. Siku ya mguu wa kwanza Marta alikuwa jikoni. Alisikia kanyagio likienda, kwata, kwata, na chini ya mlio ule sauti nyembamba, ya adabu, ikasema, "Shikamoo." Mumewe akaitikia bila kuinua kichwa, vile anavyowaitikia watoto wa shule wanaopita njiani. "Marahaba."

"Umemwitikia nani?" Marta aliuliza kutoka mlangoni.

"Si kuna mtoto kapita?"

Njiani hapakuwa na mtu, ukungu tu. Chumba kizima kilinuka karafuu maiti.

Binti yao, Dorkasi, alikuwa uani, amepanga magunzi ya mahindi kama watu. Aliyasemea kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi Dorkasi," kisha akajijibu kwa sauti nzito, "Marahaba, wajukuu zangu." Nathanaeli akatoka akijinyoosha mgongo, akamcheka. "Nani akuamkie wewe, mtoto wa juzi?" Dorkasi akaona haya, akayafunika magunzi kwa sketi. Marta naye, badala ya kumtetea, akamrudishia somo la kila siku: mkubwa anaamkiwa, na anayeamkiwa anaitikia; kuinyamazia salamu ni tabia ya mnyama. Alikuwa na fimbo maalumu ya somo hilo.

Jioni Nathanaeli aliponawa miguu, Marta aliona kwenye muundi wake wa kulia pete tatu zilizozama ndani ya nyama. Hazikuwa na damu. Zilikuwa laini, zimepigwa msasa.

"Haziumi," Nathanaeli alinong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe, Marta alimwona anaogopa.

Siku ya mguu wa pili Nathanaeli hakutaka kufanya kazi. Miguu ndiyo iliyotaka. Marta alimwona akiung'ang'ania mwimo wa mlango kwa mikono miwili huku miguu ikimvuta kutoka chini, vidole vikateleza kimoja kimoja, akafika kwenye kerezo, mguu ukapanda wenyewe juu ya kanyagio na kuanza, na ile sauti ya adabu ikasema shikamoo, naye huku machozi yanamtoka, huku anatikisa kichwa kukataa, mdomo wake ukasema marahaba, patasi ikalia juu ya mkulo, maranda yakaanguka, membamba, yaliyojisokota, mengine ya rangi ya mti na mengine ya rangi ya ngozi, yenye vinyweleo.

Mchana ule miguu miwili ya kiti ilisimama ukutani inang'aa. Ya Nathanaeli, kuanzia magotini, ilibaki myembamba kama mabua, na pete zake tatu tatu.

Mlutheri mwema haendi kwa mganga mchana kweupe. Marta alienda mchana kweupe. Alipanda lori la kabichi, akateremka, akaunga gari jingine mpaka Magoma, akarudi na Mzee Abdi. Mganga alinusa chumba, akauliza swali moja tu.

"Nani alimwamkia nani?"

Marta akamweleza, mpaka lile tope na yale magoti.

"Basi Sheshe alifikiri sana kabla ya kupiga magoti," Mzee Abdi alisema. "Jini hili ni la nguzo zake. Limemwamkia umri wake wote, wala hakuliitikia hata mara moja. Unadhani kwa nini alikaa mbali na watu? Shikamoo ni nashika miguu yako, mama. Ukisema marahaba umekubali ishikwe. Mzee alimtafutia mtu wa kukubali." Akaitazama miguu ya kiti. "Kiti kina miguu minne. Ya mumeo imekwisha. Bado jozi moja."

Marta aligeuka, akamwangalia Dorkasi aliyekuwa anaruka kamba uani. Mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. "Chukua yangu," akasema.

"Halitachukua ya mtu yeyote tena. Nitalitoa nguzoni, litazunguka nyumba likitafuta wa kuliitikia. Mpaka jua lizame, mtu mzima yeyote wa humu akisikia shikamoo asijibu, hata ikiwa ni sauti ya mama yake. Likikosa wa kuliitikia, halina pa kushika."

Dorkasi akatumwa kucheza nyuma ya nyumba, asiyaone mambo ya wakubwa.

Mganga akafukiza ubani, akaifunika miguu ya kiti kwa kaniki. Haikuchukua muda. "Shikamoo, mama Dorkasi," ikasema sauti ya mtoto dirishani. Marta akabana midomo. "Shikamoo, mama," akasema Raheli, mkaza mwana wa jirani, akipita na beseni lake la maharage, na huyu alikuwa Raheli kweli, lakini Marta alimkodolea macho tu, Raheli akaondoka amefura. Nathanaeli alilala mkekani, ameuma kipande cha mti mpaka fizi zinatoka damu, kwa sababu sauti ya Sheshe ilikuwa sikioni mwake ikimwita mwanangu. Kisha, jua likiwa limegusa mlima, ikaja sauti ambayo Marta aliifukia mwenyewe kwenye makaburi ya kanisa, sauti ya mama yake mzazi, ikitetemeka, "Shikamoo, Marta, nimepiga magoti hapa nje, mwanangu, baridi inaniingia kwenye mifupa, siwezi kuinuka usiponiitikia, niitikie basi niinuke, au umenisahau, Marta, nilikubeba mgongoni," na Marta akajisokomeza kanga mdomoni mpaka akatapika, akalia, hakuitikia.

Jua likazama. Harufu ikakatika ghafla.

"Humu ndani halimo," Mzee Abdi akasema, akafunga mkoba wake.

Marta alicheka na kulia kwa pamoja. Akakimbia nyuma ya nyumba kumkumbatia mwanawe. Dorkasi alikuwa amekaa juu ya gogo, mgongo umenyooka kama bibi harusi, magunzi yamepangwa mbele yake, uso umejaa furaha.

"Mama," akanong'ona, "nimeamkiwa."

Marta akasimama pale pale.

"Mtu mzima kabisa, mama. Amepiga magoti hapa. Na baba alisema nani aniamkie mimi." Akameza mate kwa kujivuna. "Sikunyamaza kama mnyama. Nimeitikia vizuri, kama ulivyonifundisha."

Marta akapiga magoti, akaipandisha ile sketi. Chini ya kila goti palikuwa na mistari mitatu myembamba, kama ile anayochora fundi kwa penseli kabla hajashika patasi. Ndani ya nyumba, ambamo hapakuwa na mtu mwenye mguu wa kukanyaga, kanyagio likaanza. Kwata, kwata.

"Mama, nishike," Dorkasi akasema. "Miguu yangu inataka kwenda ndani."