Sivuki Bila Wewe

Mimi Ilham sijawahi kumwacha mwenzangu. Sijawahi! Uliza Doornfontein nzima hapa Joburg, panda mpaka Berea, watakuambia: yule dada ana mdomo, lakini roho yake chuma.

Haya. Sasa shikeni simu zenu vizuri...

Héritière alikuwa chini, pale kwenye robot, mkono wa kulia umefumuka kama mshono wa fundi mlevi. Damu ilifuata mteremko wa lami ikawa inakuja upande wangu.

Upande wangu. Kwa sababu mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.

Ndani ya spaza, kile kiduka cha mtaani. Simu mkononi. Bado narekodi!

Ngojeni, msinitukane kwanza. Nianze mwanzo.

Chuoni kwetu kuna udada unaitwa Doti. Ni sisi wasichana wa Kiswahili, Watanzania, Wakongo, Wakenya, Warundi, tumejikusanya ili mji huu usitutafune mmoja mmoja. Ukiingia, dada yetu mkubwa Leonida anachukua doti ya kanga ambayo haijakatwa, anaikata katikati mbele ya wote. Kipande chako, kipande cha mwenza wako. Na kanga zote zimeandikwa jina moja: SIVUKI BILA WEWE.

Sheria ndiyo hiyo hiyo. Mkitoka chuo mnatembea wawili. Wa kwanza kufika kwenye robot anamsubiri mwenzake. Iwake kijani mpaka ichoke, huvuki.

Mimi naingia Doti nilikuwa mtu wa kucheka watu tu. Sekondari nilimaliza na vyeti viwili, cha form four na cha umbea. Wakaninyoosha. Nikajua kupika kwa zamu, nikajua hata kunyamaza mwenzangu akilia. Nikaonekana nimekua, nikapewa mgeni awe mwenza wangu.

Héritière. Katoka Lubumbashi, anasomea ushonaji. Mpole mno. Ananiita yaya, kwao ndiyo dada mkubwa. Mimi! Yaya!

Siku ya kwanza nikamwambia, "Ukitoka darasani unisubiri kwenye robot."

"Robot? Hapa pia muko nayo?"

"Zimejaa, mdogo wangu."

Akafurahi huyo! "Ya kwetu iko na kichwa na mikono, yaya. Inasimama katikati ya barabara, inainua mukono, magari yote yanasimama."

Nyie, nilicheka moyoni nusura nizimie. Hapa Joburg robot ni taa za barabarani. Nyekundu, njano, kijani, kwisha habari. Baadaye nikaja kuambiwa kwao hiyo midude ipo kweli, ya chuma, inaongoza magari. Lakini wakati ule nilijua napigwa kamba.

Mtu mwenye akili angemwelekeza. Mimi nikaona video.

"Ya hapa ya kisasa," nikasema, uso mkavu. "Imejificha ndani ya ile nguzo yenye taa. Ukiipungia mkono inatoka kukusalimia."

"Kweli, yaya?"

"Naapa kwa doti yetu."

Eish... niliapa kwa doti.

Kesho yake mchana nikawahi kutoka. Nikajibanza nyuma ya friji la soda kwa Bakiri, Mtanga mmoja mwenye spaza inayotazamana na robot.

Héritière akaja, kanga yake kiunoni. Ikawaka kijani. Watu wakavuka. Yeye kasimama.

Halafu akainua mkono. Akapunga!

Nikabana mdomo. Nikawasha kamera.

"We dada, yule si mwenzio?" Bakiri akauliza.

"Ndiyo. Tulia bwana, anasalimia robot!"

Akapunga tena. Kwa nguvu. Nikavuta picha karibu.

"Dada... wale vijana nyuma yake siwaelewi."

"Subiri kidogo!"

Wakamfikia. Mmoja akashika begi, Héritière akaling'ang'ania. Kisu kikapita.

Bakiri akaruka kaunta na rungu lake, akavuka anapiga kelele. Robot ilikuwa kijani. Kijani kabisa! Mimi nikabaki nyuma ya friji. Ikawa nyekundu, nikajisemea naheshimu sheria. Ikawa kijani tena, nikajisemea simu itaibiwa.

Nilivuka wale vijana walipokwisha kukimbia. Video niliifuta nikiwa katikati ya barabara.

Nikavua kanga yangu, nikamfunga mkono. Hivyo ndivyo madada walivyotukuta, mimi nimelowa damu, Bakiri karudi dukani kupiga simu ya ambulensi.

"Ilham! Wewe ndiye uliyewafukuza?" Leonida akauliza.

Sikusema ndiyo, jamani. Nilisema, "Acha tu, dada."

Lile "acha tu" likakua lenyewe. Likaota meno.

Hospitali walimshona, lakini kano zilikuwa zimekatika. Vidole havikunjiki tena. Mwanafunzi wa ushonaji, hawezi kushika sindano!

Nikamhudumia. Nilimfulia, nilimsuka, nilimbebea begi. Kila nikimaliza anasema, "Asante, yaya," halafu ananitazama kama anayengoja kitu. Nikadhani anangoja chai.

Jumamosi moja, baada ya kama mwezi, tukakutana kwa Leonida, Berea. Pilau, soda, wageni wapya wamekaa mkekani. Leonida akanisimamisha.

"Nataka Ilham awe mlezi wa wageni wote. Hebu waambie ulivyofanya."

Nikawaambia! "Nikavuka robot ikiwa nyekundu! Magari yananipigia honi! Nikamkaba mmoja shingo..."

Vigelegele.

"Héritière mdogo wangu, ongeza neno," Leonida akasema.

Akasimama taratibu.

"Miye sikupungia robot."

Kijiko kikaanguka mahali.

"Asubuhi ile watu wa darasa walikuwa wameshaniambia robot ya hapa ni taa. Wale vijana walinifuata tangu chuo. Nikamuona yaya ndani ya spaza, iko na simu. Ile mukono nilikuwa napungia weye, yaya. Nilikuwa nakuita." Akaninyooshea mkono ule ule wa kulia.

"Sasa si ungevuka?" mgeni mmoja akaropoka. "Si ilikuwa kijani?"

"Ilikuwa kijani." Akagusa kanga yake kwa mkono wa pili. "Lakini tulisema sivuki bila wewe. Nikawaza, ameniona, atakuja."

Leonida akamgeukia. "Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nilikuwa namungojea aseme yeye. Kama pale kwenye robot."

Wanangu mnaosoma, chukueni hili kwangu, mimi limenifika limechelewa: mtu akikupungia mkono, kabla hujacheka, tazama nyuma yake kuna nani.

"Ilham," Leonida akaniita. "Ulikuwa wapi?"

Nikafungua huu mdomo wangu maarufu.

Héritière alikuwa bado amenielekezea ule mkono. Vidole vimesimama wima, havikunjiki, kama bado vinapunga.