Kidonda ya Muzee Modeste

Kila Lundi asubui, siku ya kwanza ya kazi, kule Kasha, bafanyakazi ba nyumba ya bazee banakaa ku banc. Directeur, Papa Théodore, anasoma kitabu ya Kifaransa heure moja. Kisha kila mutu anasaini karatasi. Njo formation, mafundisho ya kazi.

Ilikuwa mwaka 1999. Vita ilifunga barabara. Dawa haikufika.

Bintu alikuwa anachunga Muzee Modeste. Muzee hakuweza tena kujigeuza. Bintu anamuosha, anamukulisha bugali, anamufunika, anamuacha. Bafanyakazi bote baliwaza kama heshima ya muzee ni kutomugusagusa.

Siku moja Bintu akaona kidonda chini ya mugongo. Inanuka. Akakimbia kuita jirani, maman Eulalie, mwenye alikuwa infirmière, muuguzi wa bagonjwa, kule Kamituga mbele vita imufukuze.

"Munamugeuzaka mara ngapi?" Eulalie akauliza.

"Kugeuza muzee, maman? Wakati analala?"

"Mwili yake iko inafinya nyama. Damu haipite, nyama inakufa. Ona." Akakunja goti ya muzee, akashika bega, akamuvuta polepole. "Kila masaa mbili. Kushoto, kisha kuume. Mugongo, asiilalie mupaka ipone. Shuka ikauke, isikunjane. Pahali ngozi imegeuka rangi, usisugue."

"Na dawa?"

"Utaipata wapi? Osha na maji ya kuchemusha yenye chumvi kidogo, funika na kitambaa safi. Bila kumugeuza, hii kidonda itamuua."

Lundi, karatasi ikafika. Bintu akakatala kusaini.

"Saini, maman," Papa Théodore akasema. "Ao umechoka na kazi?"

"Nilisaini mara kumi na mbili, Papa. Kidonda haijue kusoma."

Benzake bakachekea mu mikono.

"Weye njo utanifundisha?"

"Hapana, Papa. Kitanda njo itakufundisha. Lala pale, usijigeuze."

Sababu batu bote balikuwa banaangalia, directeur akalala ku kitanda, na soulier mu miguu. Bintu akakaa pembeni, akaanza kushona kifungo.

Kisha nusu saa: "Bintu, kiuno."

"Pumuzika, Papa."

Kisha heure moja: "Nigeuze, mwana wangu. Nakuomba."

"Weye uko na kinywa ya kuomba. Muzee Modeste hana nguvu."

Papa Théodore akaamuka, akashika kiuno. Kisha akasema, "Muite ule maman wa Kamituga."

Tangu pale, formation inafanyika ku kitanda. Eulalie njo anafundisha. Mufanyakazi mupya analala kwanza, benzake banamugeuza. Kisha yeye anageuza mwenzake. Akijua, njo anagusa muzee. Saa ya kugeuza inaandikwa ku mulango.

Kisha miezi tatu, kidonda ya Muzee Modeste ikafunga.

Siku moja masasi ya bunduki ikalia karibu. Batu ba avenue bakaingia mu manyumba.

"Murudi kwenu mbio," Papa Théodore akaambia bafanyakazi.

Bintu akaangalia saa yenye iliandikwa ku mulango. "Ni saa ya kugeuza Muzee Modeste kuume," akasema. "Shika magoti, Papa. Mi niko na bega."

Papa Théodore akashika magoti.