Mwenye Haja Naye Amchukue

Kasuku alijifunga mkanda mwenyewe. Hakulalamika kwamba unambana shingo, hakudai kukaa dirishani, hakuuliza mkanda umetengenezwa kwa nini. Alikuwa ametoka kwenye magofu ya kasri, akaingia garini, akakaa katikati ya kiti cha nyuma, mikono juu ya mapaja, akatazama mbele. Mtoto wa miaka mitano!

"Redio yetu imeisha betri," baba yake alisema akiwasha gari. Mkewe akacheka.

Baba huyo alikuwa dereva wa lori. Mwaka mzima yuko barabarani, na likizo ilipofika mkewe akamrudisha barabarani. Mke alikuwa mwalimu wa historia. Miaka kumi na moja alifundisha magofu hayo kutoka kwenye picha za kitabu, na safari hii ya siku mbili, kasri asubuhi, ngome ya kale mchana, mahandaki kesho yake, aliipanga tangu muhula wa kwanza. Alifikiria kila kitu isipokuwa binti yake. Darasani akiinua kidole wanafunzi hamsini wananyamaza. Kasuku hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni, na jina la utani hakupewa bure.

Asubuhi hiyo, tusimwonee mama wa watu, mtoto alikuwa amezidi. Kaka yake wa miaka tisa alikwenda na baba kutazama gurudumu lililopungua upepo, mama akabaki na Kasuku kwenye ua wa ndani wa kasri, mbele ya kisima kikavu chenye kibao cha maelezo. Mama anasoma mstari wa kwanza: kwa nini walikichimba? Anaanza upya: na aliyechimba alitokaje? Mara kiu, mara haja ndogo, mara sketi inavutwa. Basi akamshika mkono, akainama ukingoni, akasema kwa sauti ndani ya lile giza:

"Jamani mliomo humo, mwenye haja naye amchukue. Mimi nimemchoka."

Kisima kirefu vile, na hakikurudisha mwangwi.

Kasuku alimtazama. "Kweli, mama?"

"Kweli kabisa." Akamwachia mkono, akaenda kupiga picha nakshi za mlango. Aliporudi mtoto alikuwa amesimama palepale, kimya.

Ni utani wa mzazi aliyechoka, nani hajawahi kuusema? Ila yeye alijua moyoni kwamba wakati anausema hakuwa akitania.

Kilomita arobaini aliufaidi ule ukimya kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Kisha ikaja harufu ya chokaa mbichi na maji yaliyolala. Dereva akashusha kioo, akauliza nani kavua soksi. Hakuna aliyecheka. Kaka mtu akajisogeza mbele mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mama.

"Mama. Nimemlalia begani. Hapumui."

"Acha ujinga."

"Nimehesabu mpaka mia, mama."

Mama akatazama kwenye kioo cha kuonea nyuma. Kasuku alikuwa akimtazama pia, akampa tabasamu la adabu, kama la mgeni anayekaribishwa chai. Mama akajiambia mtoto amechoshwa na jua. Ukweli ni kwamba hakutaka kuuliza, kwa kuwa angeuliza angejibiwa.

Kwenye ngome, baba na kijana wake wakapanda juu kuona mizinga. Mama akaingia na Kasuku katika chumba cha chini, akafungua kitabu chake.

"Hapa palikuwa ghala la nafaka," alisoma.

"Hapakuwa ghala," Kasuku alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Sauti ilikuwa ile ile, ila haikuwa na haraka.

"Mlango ulikuwa pale," akaonyesha ukuta mtupu. "Waliuziba, wapishi wawili wakiwa ndani. Mmoja aligonga kwa kijiko siku tatu. Uliza lingine, mama. Mimi najua yote."

Na mama, aliyekuwa amezoea mtoto wa kuuliza na si wa kujibu, alisimama na kitabu chake wazi mkononi akasikia, kwanza kwa mbali kama tone la maji, kisha karibu, kisha ndani ya jiwe lenyewe karibu na bega lake, kitu cha chuma kikigonga taratibu, kikipumzika, kikigonga tena, na harufu ya chokaa ikajaa chumba kizima mpaka akaionja ulimini, na yule mtoto akitikisa kichwa kufuata mdundo kama anayesikiliza wimbo wa zamani anaoupenda, na alipomnyooshea mkono ili watoke, mama wa kumzaa hakuthubutu kuushika.

"Turudi kwenye kasri," alimwambia mumewe nje, kwa sauti ya chini. "Nimesahau mkoba."

Mumewe akautazama mkoba uliokuwa begani mwa mkewe. Akamtazama usoni. Akawasha gari.

Getini, mkata tiketi alikuwa akifuma sweta, chupa ya chai pembeni, anakaribia kufunga. Alichungulia kiti cha nyuma mara moja tu, akaweka sindano chini.

"Nani kati yenu alisema neno kisimani?"

"Neno gani?" dereva aliuliza.

"Huyu si wenu. Wenu yumo humo. Mpelekeni huyu ukingoni, na aliyesema aseme ukweli wake kwa sauti. Wale hawahitaji kuombwa msamaha. Walishajua alimaanisha nini, wanataka kuona kama atawadanganya." Akaangalia jua. "Likishuka nyuma ya ukuta ule, basi tena, mtakwenda nyumbani na huyu. Kuna familia iliondoka hivyo mwaka juzi. Nasikia mtoto wao ana adabu sana."

Wakasimama kisimani wote wanne. Kile kitoto kilikuwa kimeukamata mkono wa mama kwa mkono wa baridi kama sakafu ya bafuni.

"Nilikuwa natania," mama alisema.

Chini kabisa, mtoto akalia. Kaka mtu akaziba masikio.

"Nilikuwa nimechoka tu. Sikumaanisha."

Kilio kikashuka zaidi.

"Ulisema nini hapa?" mumewe alinong'ona. "Mama Kasuku, ulimwambia nini mwanangu?"

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye viatu vyao, na mama akajua kwamba hakuna namna ya kulisema hilo bila mumewe kulisikia, bila kijana wake kulisikia.

"Nilimaanisha!" alipiga kelele. "Nilitaka anyamaze, nilitaka asiwepo, hata kwa leo tu, na aliponiuliza kama ni kweli nikamwambia kweli, na aliponyamaza nilifurahi, njia nzima nilifurahi, kaka yake akaniambia na mimi nikakataa kusikia!"

Mkono wa baridi ukalegea.

"Mimi nilikusikiliza siku nzima," kile kitoto kilisema, bila hasira. "Ukinihitaji, unajua pa kuniambia."

Kikakaa ukingoni, kikarekebisha gauni, kikajiachia kinyumenyume ndani ya kisima. Hawakusikia kitu kikianguka. Walichosikia ni kucha zikikwangua jiwe, na vidole vidogo vikatokea, na dereva akavidaka akamvuta mwanawe juu, mweupe wa chokaa kuanzia nywele mpaka nyayo, kucha zimekatika, akilia kwa pumzi za kweli. Mama akafungua mikono. Kasuku akaficha uso kwenye shati la baba.

"Kule chini kunasikika kila kitu, baba," alisema.

Walirudi nyumbani siku ileile, mahandaki wakayaacha. Kasuku alikaa nyuma ya kiti cha baba. Kisha, heri yake baba, sauti ikaanza.

"Baba, kwa nini kisima kina chokaa?"

Mama akageuka haraka, machozi yakimtoka. "Ili kuta zisibomoke, mwanangu," alijibu kwa upole wote aliokuwa nao. "Maji yakikaa muda mrefu hula mawe, ndiyo maana wanayapaka."

Kasuku alisubiri mpaka amalize. Kisha akasogea mbele, akashika bega la dereva.

"Baba, kwa nini kisima kina chokaa?"

Dereva alikaza mikono kwenye usukani, hakumtazama mkewe.

"Ili kuta zisibomoke," alisema.

"Ahaa," Kasuku akasema, akaridhika.