Tope Jeusi la Kinamasi cha Chini

Kila asubuhi, kabla ya shule, binti yangu Adelfa alikuwa akiketi mlangoni kuchana ndago, nyasi ndefu za kufumia mikeka. Ncha moja anaibana kwa meno, nyingine anaivuta kwa mkono. Ndivyo alivyochana mama yake, Lourdes, mpaka alipofariki mwaka juzi. Figo, walisema. Kwa nini figo, hakuna aliyesema.

Tunakaa kando ya mto, chini ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, wenyewe wakaondoka na mali yao, uchafu wakatuachia. Vyura walinyamaza, korongo wakahama. Wakubwa wakaja, wakasimika kibao: USILE SAMAKI. Wakapigwa picha nacho, wakaenda zao. Sisi tukaacha samaki, tukala wali na viazi vitamu, tukadhani tumepona.

Mwaka huu Adelfa, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akifuma mkeka wa mistari myeusi kwa ajili ya sikukuu ya kijiji. Akaanza kuchoka. Chakula hataki. Vidole vinalegea.

"We Adelfa, umezeeka?" rafiki yake Jovita alimtania. "Hata bibi yangu anakushinda!"

"Mkeka wa bibi yako una rangi ya maji ya kuoshea mchele," Adelfa akamjibu.

Walicheka. Mimi sikucheka. Lourdes naye alianza na vidole.

Nikampeleka zahanati. Nesi Nenita alimpima damu, akakunja uso. "Ina risasi nyingi. Anakula samaki?"

"Mwaka wa tatu huu hatujaonja."

"Maji je?"

"Ya chemchemi, kule juu."

Nesi alikuna kichwa. Adelfa alikuwa akitazama kucha zake. Zilikuwa nyeusi.

"Baba, usinigombeze."

"Sema."

"Ndago nazifukia kwenye tope la kinamasi cha chini, pale mto unapoingia, siku tatu, ziwe nyeusi. Tope la kule juu, kwenye chemchemi, linatoa kijivu tu. Mama ndiye alinionyesha."

"Halafu?"

"Halafu nazichana kwa meno."

Nesi aliweka kalamu chini. Mama na mtoto walikuwa wameutafuna ule mto, uzi kwa uzi, nami nimekaa pembeni nasifu rangi.

Nilikwenda kwa kapitan, mkuu wa kijiji.

"Kibao si kipo, Mzee Dulo? Hukusoma?"

"Nilisoma. Kinasema samaki. Mlimwuliza mfumaji hata mmoja anaweka nini kinywani?"

Akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki yake.

Basi tukafanya wenyewe. Adelfa alisimama mbele ya wafumaji wote akaeleza, hakuficha kitu. Nikapigilia misumari kwenye mbao, ndago zikawa zinachanwa hapo. Tope la chini halichotwi tena. Baada ya miezi mitano, risasi katika damu yake ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mkeka wake ulitoka kijivu.

"Maji ya mchele!" Jovita akapiga kelele.

"Ndiyo," Adelfa akasema, mdomo umejaa kiazi. Alikuwa anakula cha tatu.

Jioni nilimwambia, "Mwanangu, kibao cha wakubwa hakiijui kazi ya mikono yako. Wewe unaijua. Mwili ukikuuma, sema mapema, hata ukiogopa kugombezwa. Mama yako alinyamaza ili asinisumbue." Nikamtazama akikunja mkeka. "Na mpaka leo sijalala vizuri."