Leso Kwenye Meza ya Kumbukumbu

Kila asubuhi, kabla jirani hajafungulia redio yake, Wangeci alimsikia mama akitafuta buti zake za mpira gizani. Waliishi Dandora, katika chumba kimoja cha ploti yenye vyumba vingi na bomba moja la maji uani. Mama aliwasha jiko, akachemsha chai ya rangi, akaacha kikombe kimoja kikiwa kimefunikwa kwa kisahani. Kisha alikunja gunia lake na kwenda jalalani, ambako alichambua chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Hiyo ndiyo kazi iliyowalisha.

Wangeci alifagia, akachota maji, akavaa sare na kwenda shuleni. Alikuwa Gredi ya Sita. Jioni alipitia Kituo cha Jirani, mahali ambapo wakazi wa mtaa walikuwa wameweka meza, vitabu na taa nzuri ili watoto wafanyie kazi zao za shule. Msimamizi alikuwa Luul, mama wa makamo aliyevaa hijabu ndefu na kuzungumza polepole. Watoto walimwita Mwalimu Luul, ingawa hakuwa akifundisha shule yoyote.

Muhula huo kiatu cha kulia cha Wangeci kilianza kuachana na soli. Alikifunga kwa uzi, uzi ukakatika.

"Niaje, Wangeci," Chege, mwanafunzi mwenzake, alimwambia langoni. "Hicho kiatu kina njaa. Kiangalie kinavyofungua mdomo."

"Kitupie githeri," mwingine akadakia.

Wangeci alicheka pamoja nao. Alijua kwamba ukicheka, wanachoka haraka. Lakini darasani aliificha miguu chini ya dawati hadi kengele ya mwisho.

Siku chache baadaye, rafiki yake Triza alikuja na viatu vipya vyeusi.

"Umevitoa wapi?" Wangeci aliuliza.

"Kwa kikundi cha Jumamosi, pale kituoni. Wamewapa watoto wote wa kikundi."

"Na mimi naweza kuingia?"

Triza aliangalia chini. "Ni cha sisi ambao tumefiwa. Unajua tu."

Wangeci alijua. Mama yake Triza alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sasa Triza aliishi na nyanyake. Kila Jumamosi watoto waliofiwa walikutana kituoni. Walichora, wakazungumza na Luul, wakala wali na maharagwe. Wangeci hakufikiria habari ya kuzungumza wala ya kuchora. Alifikiria viatu.

Jioni hiyo alisubiri wenzake waondoke.

"Mwalimu Luul, nataka kuingia kikundi cha Jumamosi."

Luul aliweka kalamu chini. "Umefiwa na nani, mwanangu?"

Wangeci angeweza kusema baba. Baba aliondoka zamani, na hakuna aliyejua aliko. Lakini Triza alifiwa na mama, na Triza ndiye aliyepewa viatu. Neno likatoka kabla hajalipima.

"Mama. Sasa naishi na shangazi."

Luul hakuuliza zaidi. Katika miaka yake yote pale kituoni hakuwahi kuona mtoto akimzika mama yake kwa mdomo. Alimshika Wangeci begani, akasema, "Pole sana. Njoo Jumamosi."

Wangeci alienda. Triza, ambaye hakuwahi kufika kwao wala kumwona mama yake, aliamini, akamwomba radhi kwa kutojua. Wangeci alipewa chakula, na mwisho wa mwezi akapewa viatu. Alimwambia mama kwamba ni zawadi ya kituo kwa watoto wenye bidii. Mama alivipokea mkononi, akavigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba.

"Hawa watu wa kituo Mungu awabariki," alisema. "Nilikuwa najiuliza nitatoa wapi."

Wangeci alidhani mambo yangeishia hapo. Lakini kikundi kilikuwa na desturi yake. Mara moja kwa mwaka kilifanya Siku ya Kumbukumbu. Kila mtoto alileta kitu cha mzazi aliyefariki, kikawekwa mezani, kisha akasimama na kusema machache kumhusu. Walezi nao walialikwa.

Wangeci hakuwa na kitu cha marehemu, kwa kuwa hakukuwa na marehemu. Alikaa akivitazama vitu vya chumbani mwao kimoja kimoja. Mwishowe alichukua leso ya buluu ya mama, iliyochakaa pindoni, akaificha ndani ya mkoba wa shule. Mama alikuwa akimbeba mgongoni kwa leso hiyo alipokuwa mchanga.

Wiki hiyo mama aliitafuta leso kila mahali. Aliinua godoro, akauliza majirani kama imeanguka kutoka kwenye kamba.

"Wangeci, hujaiona leso yangu?"

"Sijaiona, mama."

"Basi labda imechukuliwa na upepo," mama alisema, akaendelea kukoroga uji.

Kuhusu walezi, Wangeci alimwambia Luul kwamba shangazi yake hawezi kuacha kazi. Luul alielewa, lakini hakupenda mtoto asimame peke yake siku kama hiyo. Alipokuwa akipita mtaani, aliingia katika ploti yao, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, alimwachia jirani ujumbe.

"Mwambie anayemlea Wangeci kwamba tunamkaribisha kituoni Jumamosi asubuhi. Kuna mkutano wa wazazi na walezi."

Jirani alifikisha ujumbe huo kama alivyoupokea. Mama alifurahi. Hakumwambia Wangeci, maana alitaka kumfurahisha kwa kumshtukiza. Jumamosi alijifanya anaenda kazini, kisha akarudi, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani na kuelekea kituoni.

Ukumbini, watoto walikaa kwa mduara. Katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake palikuwa na kitana cha mama yake Triza, tasbihi ya baba yake Hirad, kofia ya fundi mmoja, na leso ya buluu. Mshumaa uliwaka kando yake. Wangeci alikuwa amesimama.

"Mama yangu alinibeba kwa leso hii," alikuwa akisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anaamka mapema sana. Alikuwa ananiachia chai."

Akainua macho. Mama alikuwa mlangoni.

Luul aliufuata mtazamo wake, akageuka na kutabasamu. "Karibu, mama. Bila shaka wewe ndiye unayemlea Wangeci. Ni shangazi yake, sivyo?"

Mama aliingia hatua moja. Alitazama mshumaa. Alitazama leso yake iliyokunjwa vizuri katikati ya vitu vya wafu. Kisha akamtazama binti yake, aliyesimama mbele ya wenzake.

"Ndiyo," mama alisema. "Mimi ni shangazi yake."

Alipewa kiti. Wangeci alitamani sakafu immeze.

"Pole sana kwa msiba," Luul alimwambia. "Hapa huwa tunawaomba walezi nao waseme neno moja kuhusu marehemu. Kama una nguvu."

Mama alikunja mikono juu ya mapaja yake. Vidole vyake vilikuwa na nyufa nyeusi ambazo sabuni haikuwahi kuziondoa.

"Alikuwa mtu wa kazi," alisema hatimaye. "Kazi yake haikuwa ya kujivunia mbele za watu. Alimpenda sana mtoto huyu. Sijui kama mtoto alijua."

Nyanyake Triza alijipangusa machozi kwa kitambaa. "Mungu amlaze pema," alisema.

"Amina," mama akaitikia.

Walirudi nyumbani. Mama alivua gauni, akalitundika msumarini, akakata sukuma wiki, akasonga ugali. Wangeci alingoja kuchapwa. Angependelea kuchapwa.

"Kwa nini?" mama aliuliza, akiwa bado amempa mgongo.

"Ni viatu, mama. Vilikuwa vya waliofiwa peke yao. Walikuwa wananicheka."

Mama alizima jiko. Mabega yake yalitikisika, na Wangeci akajua kwamba analia, ingawa hakutoa sauti.

"Mbona ulikubali?" Wangeci aliuliza kwa shida. "Mbona hukusema wewe ni nani?"

"Ningekuaibisha mbele ya watoto wenzako? Mimi ni mama yako." Alijifuta uso kwa mkono. "Lakini niambie. Siku nitakapokufa kweli, utawaendea watu wale wale uwaambie nini? Nani atalia nawe?"

Wangeci aliinamia viatu vyake.

"Sitaenda kukusemea," mama alisema. "Neno hilo ulilisema wewe. Wewe ndiye utakayelirudisha. Sasa kula."

Ugali ulibaki sahanini.

Wiki iliyofuata Triza hakubanduka karibu naye. Wakati wa chakula cha mchana alimmegea nusu ya chapati yake.

"Shangazi yako anaongea vizuri," alisema. "Nyanya huwa hawezi kumtaja mama. Akianza tu, anashindwa." Alikunja kipande chake cha chapati. "Mimi kinachonisumbua ni kwamba nimeanza kusahau sauti yake. Nawe, umeanza kusahau?"

Wangeci aliishusha chapati kutoka mdomoni. Asubuhi hiyo sauti ya mama yake ilimwambia afunge vizuri vifungo vya sweta.

"Afadhali wewe uko," Triza aliendelea. "Hawa wengine darasani hawajui kufiwa ni nini."

Jioni hiyo Wangeci alimwambia mama, "Jumamosi nitalirudisha lile neno. Tafadhali njoo nami."

"Jumamosi hii nitakuwa kazini. Nitapitia hapo nikitoka, vile nitakavyokuwa."

Alikuja vile alivyokuwa, na buti zake za mpira na harufu ya moshi, akasimama kando ya mlango. Wangeci aliinuka kwenye mduara.

"Nilidanganya," alisema. "Mama yangu hajafa. Huyu ndiye mama yangu. Anafanya kazi jalalani, anauza chupa. Nilisema amekufa ili nipate viatu. Naomba mnisamehe."

Alivua viatu vile, akaviweka mbele ya Luul, akabaki na soksi.

Hakuna aliyecheka. Wangeci alitamani wacheke. Hirad aliinamisha kichwa. Triza alikuwa akimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, utampata?" Triza aliuliza.

"Ndiyo."

"Na kesho asubuhi?"

"Ndiyo, Triza."

"Na ulisema amekufa."

Triza aliokota mkoba wake, akapita karibu na mama yake Wangeci bila kuinua macho, akatoka. Wangeci alitaka kumfuata, lakini Luul alimzuia kwa upole.

"Mwache kwanza. Kilio chake ni cha kweli. Hawezi kukusaidia wewe kubeba chako."

Wenzake walipokwenda kula, Luul alikaa na mama na mtoto kwenye benchi la nje. Kwanza alimgeukia mama.

"Mama Wangeci, naomba radhi. Nilikupa pole ya msiba wako mwenyewe."

"Hukujua," mama alisema.

"Sikujua kwa sababu sikuja nyumbani kwako mapema. Hilo ni kosa letu pia. Tulitoa viatu kwa waliofiwa peke yao, kana kwamba kiatu cha mtoto mwenye mama hakitoboki soli. Tangu sasa tutawatazama watoto wote wanaokuja hapa." Kisha alimgeukia Wangeci na kuvisogeza vile viatu karibu na miguu yake. "Hivi ni vyako. Ungekuja ukaniambia, 'Mwalimu, kiatu changu kimechanika, na mama hana uwezo mwezi huu,' ningevitafuta. Ukweli wako ulitosha. Uongo ulikupa kile kile ambacho ukweli ungekupa, lakini umekuondolea rafiki yako, na umemuumiza mama yako. Haja si aibu, mwanangu. Wala kazi ya mzazi wako si aibu. Anayeficha mzazi wake ili asaidiwe, hupata msaada na kupoteza nyumba."

Wangeci alilia. Alivaa viatu taratibu, akashindwa kufunga kamba, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa machozi. Mama aliinama akamfungia.

"Umenisamehe, mama?"

"Nilikusamehe siku ile, nikiwa pale mlangoni," mama alisema. "Lakini bado kunauma. Nimekusamehe na kutauma kwa muda, na yote mawili ni kweli. Usiniharakishe."

"Na Triza?"

"Triza pia usimharakishe. Kila siku msalimie. Akiitika, mshukuru Mungu. Asipoitika, msalimie kesho yake."

Wakashika njia ya nyumbani. Wangeci alitembea karibu na mama, akisikiliza sauti yake kila alipozungumza, hata alipokuwa akisema tu kwamba chumvi imeisha.