Nusu Toni Nne

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Marlys Tackett.

"Wimbo wa Saba, saa sita kamili. Uzime."

Nashville, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Kwa namba ambazo genge huwaitia watu wake, Saba alikuwa Ramona Esquibel, jasusi mwenzake, mwaka wa pili sasa ndani ya genge linalouza nje mitambo ya kuongozea makombora. Leo genge lingeambiwa kwamba Saba ni msaliti. Baada ya hapo Ramona hana hata nusu saa.

Mtoa habari wa genge alikuwa jukwaani akikaza nyuzi. Dewey Stallings. Gitaa la Telecaster, buti za ngozi ya nyoka, roho ya fisi. Mwaka jana alimtaja Tisa. Tisa akaopolewa kwenye mto Cumberland bila vidole, na Dewey akainunulia baa nzima bia.

"We fundi," alimwita Marlys. "Kasha langu usiliguse. Kazi yako ni spika. Umenielewa, mrembo?"

"Nimekuelewa, kaka. Mimi nani niguse vitu vya wakubwa?"

Chini ya fulana ya fundi sauti alikuwa na bastola ya Glock. Fundi halisi alikuwa stoo, kafungwa kwa waya wa maikrofoni, analia. Shauri yake.

Kasha lilikaa nyuma ya amplifaya. Liligeuza kila noti ya gitaa kuwa midi, yaani namba tupu, na kuzirusha mtandaoni. Wateja walisikia gitaa. Genge lilisoma namba.

"Ng'oa waya," alinong'ona bosi wake, Crowder, kwenye kisikizi.

"Nikiung'oa watajua tumo humu. Ramona atakufa vilevile."

Akabonyeza kasha, kioo chake kikawaka. Kila uzi ulikuwa na chaneli yake. Ramona mwenyewe ndiye aliyewatumia siri hiyo: chaneli ya tano hubeba amri, ya sita hubeba namba ya mtu. Chuma cha kwanza kinachokatiza shingo ya gitaa ni Moja, cha pili ni Mbili, hivyo hivyo mpaka Kumi na Mbili.

"Bosi, Tatu ni nani?"

"Lonnie. Mdogo wake Dewey, dereva wao. Yupo hapo kaunta. Kwa nini?"

Marlys aliichagua chaneli ya sita peke yake, akazishusha noti zake nusu toni nne. Kila chuma ni nusu toni. Saba toa nne, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Tackett, Lonnie hajaua mtu."

"Ramona pia hajaua."

Wapiga gitaa bwana! Dewey alihakiki nyuzi mara tatu, akachana nywele mara mbili. Kasha hakulitazama. Spika zilitoa sauti safi, kwake hiyo ilitosha.

Saa sita.

Alipiga vizuri, haki yake nimpe. Katikati ya wimbo akagusa uzi wa tano mara mbili, amri ya kumuua msaliti, kisha wa sita, chuma cha saba. Akatabasamu.

Mlangoni, bawabu Hoyt, mtu wa genge, alisoma simu yake. Akasoma tena. Akaenda kaunta.

"Lonnie, gari lako limeziba njia huko nyuma."

"Ngoja nimalize kuku wangu, jamani."

"Utamkuta."

Lonnie alifuata akilamba pilipili vidoleni, akampungia kaka yake mkono. Makofi yalipolipuka, Marlys aliinama na kurudisha chaneli ya sita kwenye sifuri.

Hoyt alirudi peke yake, mikono imelowa maji. Akapanda jukwaani, akamkumbatia Dewey.

"Pole, ndugu yangu. Kumtaja mtu wa tumbo moja si mchezo. Wakubwa hawatakusahau."

"Nani? Nilimtaja Saba."

"Unajuta. Ni kawaida."

"Saba, Hoyt! Nilipiga saba!"

"Dewey. Imekwisha. Usimwingize mwingine kwa uchungu wako."

Dewey alilirukia kasha, akabonyeza. Chaneli ya sita, sifuri. Akabonyeza tena. Sifuri. Akaanza kuukagua mkono wake wa kushoto, akihesabu vyuma kwa sauti, moja, mbili, tatu, hajui tena kidole chake kilisimama wapi.

Marlys alikuwa ameshatoka nje, kwenye jua la barabara ya Broadway.

"Ramona ametuma ujumbe," Crowder alisema taratibu. "Wamempa kazi ya Lonnie. Yeye ndiye atakayeendesha gari la mzigo kesho. Tutawakamata wote."

"Vizuri."

"Huna la kusema zaidi?"

"Nina njaa, bosi," Marlys alisema, akavuka barabara.