Kitambaa cha Redio

Zamani nyumbani kwetu kulikuwa na redio moja tu. Ilikaa juu ya kabati nililolitengeneza mwenyewe, maana mimi ni seremala. Mke wangu aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya buluu. Tukikaa kula, anaifunika. Redio ikishafunikwa, kila mtu anasimulia siku yake. Binti yetu ndiye aliyetushinda wote kwa maneno. Mama yake akambandika jina la Chiriku.

Mke wangu akafariki. Redio nayo ikaharibika, sikuwa na moyo wa kuitengeneza. Kitambaa nikakikunja, nikakiweka kabatini.

Chiriku alipofika miaka kumi na mitatu, shule ikasema masomo ya nyumbani yatatumwa kwa simu. Nikampa simu ya mama yake. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanasimamisha minara ya simu kila kona, lakini hawamleti hata mtu mmoja wa kutueleza sisi wazazi mtoto anakutana na nani humo ndani.

Taratibu Chiriku wangu akanyamaza. Alikula huku kidole kinatembea kwenye kioo. Nikimwuliza jambo, ananiitikia "mh." Mimi nami nilikuwa na simu yangu sikioni, wateja hawaishi kupiga.

Siku moja hasira zikanipanda. Nikatengeneza sanduku la mbao ngumu, nikatia simu yake ndani, nikapiga kufuli. Sikumweleza kitu. Chiriku hakulia wala hakubisha. Nikajipongeza kwamba nimekata mzizi wa fitina.

Wiki ile ile jirani yetu akaja karakana. Anafundisha kompyuta, na alikuwa shoga wa mke wangu tangu usichana wao. Akapangusa maranda kwenye benchi, akakaa. Akaniambia Chiriku huenda kwake mchana kuazima simu ya binti yake. Huandikiana na mtu anayejiita kijana wa miaka kumi na mitano. Mtu huyo humsifu na kumbembeleza. Sasa anataka picha yake, na wakutane Jumamosi kituo cha basi, baba asijue. Binti wa jirani aliogopa, akamwambia mama yake.

Nikaibwaga randa chini. Nikasema nitamchapa Chiriku mpaka akome.

"Ukimchapa, shemeji, kesho atajificha zaidi," jirani akasema. "Na huyo mtu ndiye atakayebaki wa kuambiwa siri zake."

Nikaanza kulaumu. Nikalaumu shule, nikalaumu wenye minara, nikalaumu serikali. Akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Lakini hao wakubwa hawali na Chiriku jioni. Anayekula naye ni wewe. Kufuli lako zuri sana, ila umefungia simu, mtoto yuko nje."

Kisha akanieleza polepole. Kwenye mtandao mtu mzima anaweza kujifanya mtoto, na picha yake isiwe yake. Mgeni akiomba picha, au akisema "usimwambie mzazi," hiyo ni dalili ya hatari. Mtoto anahitaji sheria, lakini aelezwe sababu yake, naye asikilizwe. Akileta jambo baya aliloliona, asiadhibiwe, la sivyo hataleta tena.

Jioni nilifungua sanduku mbele ya Chiriku. Nikang'oa kufuli, nikang'oa na kifuniko. Nikamwambia najua habari ya Jumamosi, wala sitamchapa.

"Baba, yeye aliniuliza habari za mama," akasema. "Humu ndani hakuna anayemtaja."

Nikakitoa kile kitambaa kabatini, nikamwekea mapajani.

Sheria tulizitunga pamoja. Simu itatumika sebuleni, si chumbani. Wakati wa kula na wa kulala, italala sandukuni. Mgeni hapewi picha wala jina la shule, na hakuna kwenda kukutana naye. Likitokea la kutisha, baba aambiwe.

"Na yako ilale humo humo," Chiriku akasema.

Nikamwuliza wateja wangu je.

"Wateja nao wanakula, baba."

Jumamosi hakwenda popote. Jirani alitufundisha tusifute zile jumbe, maana ni ushahidi, kisha tumzuie yule mtu asiweze kuandika tena. Tukazipeleka polisi. Askari wa mezani akatuambia turudi kesho, na kesho yake akasema vivyo hivyo. Mnawajua. Tulirudi mpaka akaandika malalamiko yetu.

Juzi mtu mwingine asiyemjua alimwandikia, akimwita mrembo. Chiriku alikuja mwenyewe karakana na simu mkononi, akanionyesha, tukamzuia pamoja. Kisha akarudi ndani kusoma.

Sasa sanduku liko juu ya kabati, pale ilipokuwa redio. Jioni simu zetu mbili zinaingia humo, na Chiriku anazifunika kwa kitambaa cha mama yake. Jana alianza kusimulia kisa cha mwalimu wao aliyekalia chaki ya rangi iliyolowa. Akaanzia mbali, akazunguka, akaiga sauti ya kila mtu darasani. Chakula chake kikapoa. Nilitaka kumwambia ale kwanza, nikajizuia. Mama yake hakuwahi kumkatiza.